Goti la Fortaleza: uchambuzi wa kisa cha pingili ya tatu ya kiuno ya Neymar

Tarehe 4 Julai 2014, uwanja wa Castelão mjini Fortaleza, robo fainali ya Kombe la Dunia. Brazil inaongoza 2-1 dhidi ya Colombia. Thiago Silva alifunga mapema, David Luiz akaongeza kwa mpira wa adhabu, James Rodríguez akapunguza kwa penalti. Zimebaki dakika za lala salama. Mpira unashuka kutoka juu, Neymar anausubiri, na beki wa Colombia, Juan Camilo Zúñiga, anaruka akitokea nyuma yake. Goti lake linamwingia Neymar kiunoni, pembeni kidogo ya uti wa mgongo. Neymar anaanguka huku ameshika mgongo, analia kwa sauti. Mwamuzi hatoi kadi.

Kwa saa za Afrika Mashariki ilikuwa inakaribia saa saba usiku. Baadaye zikaja habari za hospitali: amevunjika mgongo, Kombe la Dunia kwake limekwisha. Kwa Kiswahili maneno hayo mawili, "kavunjika mgongo", yanatisha kuliko ugonjwa wenyewe. Mtu akiyasikia anaona kitanda, kiti cha magurudumu, familia inayochangishana. Lakini siku 45 baada ya goti lile, tarehe 18 Agosti, Neymar alicheza mechi ya kirafiki akiwa na Barcelona dhidi ya Club León ya Mexico na akafunga mabao mawili.

Mtu aliyevunjika mgongo anawezaje kufanya hivyo? Jibu ninalosikia mara nyingi ni "hela", au "madaktari wa Ulaya". Silikubali. Neymar hakufanyiwa upasuaji, hakuwekewa chuma chochote, na dawa alizohitaji kwa jeraha la aina ile hazizidi sana zile zinazopatikana katika hospitali ya wilaya. Jibu liko kwenye swali ambalo sisi hatulizoei kuuliza: kimevunjika kipande gani cha pingili?

Tuiangalie pingili yenyewe. Uti wa mgongo wa binadamu una pingili 33, zimepangana kama pingili za muwa: 7 za shingoni, 12 za kifuani, 5 za kiunoni, 5 zilizoungana kuwa mfupa mmoja nyuma ya nyonga, na 4 ndogo za mwisho kabisa. Kila pingili ya kiunoni ina sehemu mbili kubwa. Mbele kuna bonge la mfupa la mviringo, ndilo linalobeba uzito wa mwili. Nyuma yake kuna pete ya mfupa, na ndani ya tundu la pete hiyo ndimo inamopita njia ya mishipa ya fahamu. Kutoka kwenye pete kunachomoza miiba: mmoja unaelekea nyuma, ndio ule unaougusa ukipitisha kidole katikati ya mgongo, na miwili inatoka pembeni, mmoja kulia na mmoja kushoto, kama mabawa. Mabawa hayo hayabebi uzito wa mwili. Kazi yake ni kushikilia misuli.

Kilichovunjika kwa Neymar ni bawa la pembeni la pingili ya tatu ya kiuno. Bonge halikuguswa. Pete haikufunguka. Ukitaka mfano wa nyumba, imevunjika boriti ya barazani huku nguzo zote zimesimama na watu wamelala ndani salama.

Mfano wa nguzo sikuutoa hewani. Mwaka 1983 daktari Francis Denis alipendekeza tuutazame uti wa mgongo kama nguzo tatu: ya mbele, ambayo ni nusu ya mbele ya mabonge na kano zake, ya kati, nusu ya nyuma ya mabonge pamoja na ukuta unaopakana na njia ya mishipa, na ya nyuma, yaani pete, viungo vidogo na kano zinazofunga pingili moja na nyingine. Nguzo moja ikiharibika, mara nyingi mgongo bado unasimama. Zikiharibika mbili, na hasa ile ya kati ikiwamo, mgongo unaweza kuteleza na kuminya kilichomo ndani. Siku hizi madaktari wengi wanatumia mpangilio wenye herufi. A ni pingili iliyobonyea, B ni kano za kufungia zilizochanika, C ni pingili zilizohama mahali pake. Majeraha ya A yana ngazi kutoka 0 hadi 4, na bawa lililovunjika peke yake limewekwa kwenye A0, ngazi ya chini kuliko zote. A4 ni bonge lililopasuka lote, juu hadi chini, na vipande vyake kuingia kwenye njia ya mishipa. Kwenye kichwa cha habari, A0 na A4 zote zinaandikwa "amevunjika mgongo".

Sasa turudi uwanjani, kwa sababu dakika zile chache ndizo zenye funzo kubwa kwa mtu asiye daktari. Kocha Luiz Felipe Scolari alisimulia kwamba Marcelo, beki wa kushoto wa Brazil, alimkimbilia mwenzake na kumuuliza hali, na Neymar akamjibu kwamba hasikii miguu yake. Marcelo akaita daktari papo hapo. Neymar akatolewa kwa machela, Henrique akaingia.

Kauli "sisikii miguu" ina uzito wake. Pigo la kiunoni linaweza kuikaza misuli na kuleta maumivu makali kiasi kwamba mtu anahisi miguu si yake, kisha hali ikarudi ndani ya dakika chache. Lakini aliyeko pembeni hana njia ya kujua kama hii ni ganzi ya kupita au ni mshipa ulioumia kwelikweli. Kwa hiyo mgonjwa anachukuliwa kuwa ameumia vibaya hadi vipimo vionyeshe vinginevyo. Haambiwi ajaribu kusimama, hainuliwi kwa makwapa, hakandwi. Anatulizwa alivyolala, kichwa kinashikwa kisigeuke, na akihitaji kugeuzwa anageuzwa na watu kadhaa kwa pamoja, kichwa, mabega na nyonga vikienda kama gogo moja.

Hapa ndipo inaponiuma. Mkwezi wa minazi akianguka Mkuranga au Kilifi, au abiria wa bodaboda akirushwa barabarani, huruma ya watu ni kumwinua upesi. Wawili wanashika mikono, wawili wanashika miguu, anabebwa mzobemzobe hadi kwenye pikapu au, mbaya zaidi, anakalishwa katikati ya watu wawili juu ya pikipiki. Kiuno kinaning'inia na kujikunja kila hatua. Ikiwa pingili yake ni ya aina ya A0, atapata maumivu tu. Ikiwa imepasuka au kano zimechanika, kubebwa namna hiyo kunaweza kumaliza kile ambacho anguko lilikianza. Mlango uliong'olewa bawaba, ubao mrefu, hata benchi la mgahawa, ni machela nzuri kuliko mikono ya watu wanne wenye huruma.

Neymar akafikishwa hospitali mjini Fortaleza. Daktari wa timu, Rodrigo Lasmar, ndiye aliyetangaza matokeo: pingili ya tatu ya kiuno imevunjika, hakuna haja ya upasuaji, mchezaji anahitaji kutulizwa ili apone, hatacheza tena michuano hii. Tangazo lilikuwa fupi. Lakini ili daktari aweze kusema "hakuna haja ya upasuaji" kwa mgonjwa aliyesema hasikii miguu, kuna njia ya kupita, na njia hiyo ni ileile Fortaleza na Muhimbili.

Kwanza ni mikono na nyundo ndogo, kabla ya mashine. Daktari anapitisha vidole kwenye uti wote wa mgongo, si pale panapouma tu, kwa sababu aliyevunjika sehemu moja anaweza kuwa amevunjika na nyingine. Kisha anapima miguu kwa mpangilio, maana kila mshipa wa fahamu una kazi yake. Kukunja nyonga ni kazi ya mshipa wa pili wa kiuno, kunyoosha goti ni wa tatu, kuinua unyayo ni wa nne, kuinua kidole gumba ni wa tano, na kukanyaga chini kwa nguvu ni wa kwanza wa chini yake. Kwa hiyo mgonjwa anayeshindwa jambo moja tu anakuwa ameshamwonyesha daktari ngazi iliyoumia. Halafu linafuata lile ambalo wagonjwa wengi huona aibu nalo: kupima kama anahisi akiguswa sehemu za siri na kuzunguka njia ya haja kubwa, na kama anaweza kuibana. Ganzi ya maeneo hayo, pamoja na mkojo kuziba au kutoka bila taarifa, ni dalili ya dharura. Mgonjwa asiifiche na daktari asiiruke.

Eneo la pingili ya tatu lina jambo moja ambalo watu wengi hawalijui. Ugwe wa mgongo, ile kamba nene ya fahamu inayoshuka kutoka kwenye ubongo, kwa mtu mzima haufiki chini kabisa. Kwa kawaida unaishia kati ya pingili ya kwanza na ya pili ya kiuno. Kutoka hapo kwenda chini kinachopita ndani ya pete ni fungu la mishipa mirefu iliyotawanyika, ambayo madaktari huiita mkia wa farasi kwa jinsi inavyofanana nao. Mishipa hiyo inaumia pia, na ikiminywa inaweza kumwacha mtu na miguu dhaifu na mkojo usiotawalika. Hata hivyo ina nafasi nzuri zaidi ya kupona kuliko ugwe wenyewe. Kwa hiyo goti lile lilitua chini ya mahali pa hatari zaidi.

Baada ya mikono ndipo zinapokuja picha. Eksirei ya kawaida ndiyo inayopatikana kila mahali, na inaonyesha vizuri pingili iliyobonyea au kuhama. Mabawa ya pembeni, hata hivyo, ni membamba, na mbele yake kuna kivuli cha misuli na hewa ya utumbo. Ufa wa bawa unaweza kupotea humo kabisa. Picha ya CT inaukata mwili vipande vyembamba na kuuonyesha mfupa kwa undani, na mara nyingi inafichua mivunjiko ambayo eksirei iliipita. Picha ya MRI ina kazi tofauti: inaonyesha visivyo mfupa, yaani ugwe, mishipa, kano na diski, zile sahani laini zilizo kati ya pingili na pingili. Anayeweza kusogeza miguu yote vizuri na CT yake inaonyesha bawa tu, kwa kawaida hahitaji MRI. Mwenye ganzi au udhaifu, au anayedhaniwa kuchanika kano, anaihitaji. Nasema hivi kwa sababu nimeona familia zikiuza mbuzi kwa ajili ya MRI ya maumivu ya kawaida ya kiuno, na wengine waliokuwa wanaihitaji kweli wakiambiwa wakapumzike nyumbani.

Kuna pia kipimo cha bei ndogo ambacho kwenye jeraha kama la Neymar hakistahili kusahaulika, nacho ni cha mkojo. Mabawa ya kiuno yamezungukwa na misuli minene, na mbele ya misuli hiyo, hasa kwa pingili za juu za kiuno, zimekaa figo. Nguvu ya kuvunja bawa inaweza kuwa imefika ndani zaidi. Kwa hiyo daktari mzuri akishaona bawa limevunjika anauliza kuhusu damu kwenye mkojo, anabonyeza tumbo, na akitilia shaka anapiga picha ya tumbo. Mara nyingine bawa lililovunjika si shida kubwa kabisa, ila linakuwa limemwonyesha daktari pa kuangalia.

Siku chache baada ya mechi, Neymar alizungumza na waandishi kwenye kambi ya timu huko Teresópolis. Alilia, na akasema kwamba Mungu alimbariki, kwani goti lingeingia sentimita mbili zaidi kuelekea ndani angeweza kuwa kwenye kiti cha magurudumu. Kauli hiyo ilizunguka dunia nzima. Naiheshimu, imetoka kwa kijana wa miaka 22 aliyeogopa kweli. Ila kitabibu ningeirekebisha kidogo. Umbali peke yake hauamui kila kitu. Kinachoamua zaidi ni aina ya nguvu.

Goti la Zúñiga lilikuwa pigo la moja kwa moja, kutoka nyuma, kwenye nyama ya kiuno. Pigo kama hilo linavunja bawa kwa njia mbili: linaligonga, au linaifanya misuli ijikaze ghafla na kulinyofoa. Kulipasua bonge la mbele, lile linalobeba uzito, kunahitaji nguvu ya kushindilia kutoka juu au chini kupitia uti wote. Hiyo ndiyo nguvu ya mkwezi anayetua kwa miguu au makalio kutoka juu ya mnazi. Uzito wa mwili unashuka, ardhi inakataa, na pingili za katikati zinabanwa kama nazi kwenye mlango. Zinazoumia mara nyingi ni ya 12 ya kifua na ya kwanza ya kiuno, kwa sababu hapo ndipo kifua kigumu chenye mbavu kinapokutana na kiuno kinachopinda. Na hapo ndipo ugwe unapoishia. Aliyeanguka hivyo hupimwa visigino pia, maana kisigino kilichovunjika na pingili iliyopasuka mara nyingi huja pamoja. Kuna nguvu ya tatu, ya kukunjwa kwa ghafla, kama abiria aliyefunga mkanda wa tumboni tu gari likagonga: kiwiliwili kinaruka mbele, na pingili inachanika kuanzia nyuma. Daktari G. Q. Chance aliuelezea mvunjiko wa namna hiyo mwaka 1948 na bado unabeba jina lake.

Kwa hiyo swali la kwanza ninalomwuliza aliyeleta mgonjwa ni "ilikuwaje?" Alianguka kutoka wapi, akatua vipi, alikuwa amekaa wapi kwenye gari? Bibi wa miaka 75 aliyeinua ndoo ya maji akasikia kitu "kata" mgongoni hakupata ajali yoyote, na bado pingili yake inaweza kuwa imebonyea kwa sababu mifupa imepungua nguvu. Kijana aliyekonda, anayetoka jasho usiku, ambaye pingili yake imebonyea bila kuanguka, anatakiwa kupimwa kifua kikuu cha mifupa. Percivall Pott aliuandika ugonjwa huo mwaka 1779, na kwetu bado upo. Huyo akipewa mkanda na dawa za maumivu tu, anaachwa mikononi mwa ugonjwa wenyewe.

Matibabu ya Neymar, ukiyaandika, hayajazi ukurasa. Dawa za maumivu, mapumziko ya muda mfupi, mkanda wa kiuno. Mkanda hauungi mfupa, unapunguza maumivu kwa kuzuia kiuno kujipinda kupita kiasi, na wako wanaopona vizuri bila huo. Tarehe 5 Julai aliondolewa kambini kwa helikopta, kwenye machela, kwenda nyumbani. Watu waliona ile machela na helikopta wakadhani hali ni mbaya. Kwa jeraha kama lile maumivu ya siku za kwanza ni makali, hata kukohoa au kugeuka kitandani ni kazi, kwa sababu kila misuli ya kiuno inayojikaza inalivuta bawa lililovunjika. Yanaanza kupungua ndani ya wiki chache, na mtu anatakiwa kuanza kutembea mapema kadiri anavyoweza. Kwa kawaida katika wiki sita hadi nane anarudi kwenye kazi zake. Wakati mwingine kipande cha bawa hakiungani kabisa na pingili, kinabaki kimeshikwa na nyuzi tu, na mgonjwa wala hajui.

Hapa nina ugomvi na desturi yetu ya kumlaza mtu miezi mitatu kwa sababu "mgongo umevunjika". Kwa mwenye A0, kitanda ndicho kinachomdhuru. Misuli inanywea, damu inaweza kuganda miguuni, mapafu yanakusanya makohozi, ngozi ya makalio inaanza kuoza. Na kwa yule wa A4, kosa ni la upande wa pili: anakandwa kwa maji ya moto na kunyooshwa na mtaalamu wa mtaa ilhali alitakiwa kufika kwa daktari wa upasuaji wa mgongo, kwenye taasisi ya mifupa ya MOI pale Muhimbili, au hospitali ya taifa ya majeraha ya uti wa mgongo jijini Nairobi. Huko wataamua kama mishipa inaminywa, wataiondolea mgandamizo, na watashikilia pingili kwa skrubu na vyuma ili mgonjwa aweze kukalishwa mapema na kuanza mazoezi. Vyuma havirudishi ugwe uliokatika. Vinauzuia usiendelee kuumia na vinamtoa mtu kitandani.

Aliyelala bila hisia miguuni ana hitaji moja ambalo halingoji upasuaji. Ageuzwe kila baada ya saa mbili hivi, mchana na usiku, na ngozi ya nyuma ikaguliwe kila siku. Kidonda cha mgandamizo kinaweza kuanza siku ya kwanza, hata akiwa bado kwenye ubao aliobebewa. Kazi hiyo haihitaji daktari. Mara nyingi ni dada au mama ndiye anayeifanya, na ndiye anayemwokoa.

Brazil ilicheza nusu fainali tarehe 8 Julai bila Neymar, ikafungwa 7-1 na Ujerumani. Wakati wa wimbo wa taifa Júlio César na David Luiz walishika jezi yake mbele ya kamera, kama ya marehemu. Zúñiga alitukanwa na kutishiwa maisha mitandaoni. FIFA haikumwadhibu. Mtu akitazama hasira ile angedhani bonge la pingili lilipasuliwa.

Tarehe 5 Septemba 2014, siku 63 baada ya Fortaleza, Brazil na Colombia zilikutana tena kwenye mechi ya kirafiki mjini Miami. Neymar alivaa kitambaa cha unahodha. Yeye na Zúñiga walikumbatiana, na Brazil ikashinda 1-0 kwa mpira wa adhabu alioupiga Neymar mwenyewe, kiuno kikizunguka kama kilivyozoea.